Pazia

Nyuma ya uwanja, kwenye maegesho ya malori,
lipo gari refu lisilo na dirisha.
Humo Bernadette Hruska huvaa sweta mwezi Julai,
maana mitambo hupenda baridi kuliko watu.
Mwaka wa kumi na tisa huu anawaonyesha watu wa Pittsburgh besiboli;
nyasi zenyewe amezikanyaga mara mbili.

Mbele yake skrini thelathini na mbili.
Ya kwanza: mgongo wa mrushaji na, mbali, glavu ya mdakaji,
hatua ishirini zilizobanwa na lenzi
hata ukadhani wawili wale wananong'onezana.
Ya pili: mpigaji anatema maganda ya alizeti.
Ya tisa: mtoto kalalia kofia ya babake.
"Jiandae mbili. Mbili. Jiandae tano. Tano."
Kidole cha fundi hushuka neno halijaisha,
na mji mzima unageuka
bila kujua umegeuzwa shingo.

Mimi ni wa marudio.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa;
mimi huyazoa mara tatu, kila mara kwa pembe nyingine,
polepole, hadi uone mshono wa mpira ukizunguka.

Besiboli ni kungoja. Hilo hakuna anayelitangaza.
Mtu anajikuna, mtu anakaza mkanda,
mawingu, takwimu, tangazo la bia, tangazo la mabati,
na watangazaji wawili huko juu wanabishana kuhusu supu.
Bernadette huushona muda huo wote
na uzi hauonekani.

Awamu ya saba. Kilimani, Yorbin Peguero,
miaka ishirini na mmoja, usiku wake wa kwanza huku kwa wakubwa.
Kisanduku cheupe cha kompyuta kinaning'inia hewani;
sisi tunakiona, yeye hakioni.
Nje. Nje. Nje kwa upana wa unywele.
Vituo vyote vitatu vina watu.
Kisha gongo likalia kavu,
na kupitia ukuta wa gari tukasikia
watu elfu thelathini wakinyamaza.
Huko Baní, ng'ambo ya bahari,
mama yake bado ana sekunde saba za kutumaini.

Walipomtoa, kamera ya nne ilimfuata.
Cyrus Tibbs hajawahi kumpoteza mtu.
Alimkuta nyuma ya pipa la maji,
taulo kichwani, mabega yakitikisika.
"Usimwachie!" akafoka Grady, mtayarishaji. "Hiyo ni dhahabu!"
Nne ikajaa, ikang'aa, safi kama picha ya harusi.

Macho hayana pazia.
Bernadette alishika kikombe kisicho na kahawa.
Akanyamaza sekunde mbili, na sekunde mbili humu ni mwaka.
"Jiandae tisa," akasema.
"Bernie!"
"Tisa."

Mtoto alikuwa ameamka.
Aliutafuta mpira kwa macho, upande usio wake,
na mji mzima ukacheka kidogo.
Kwenye skrini ya nne, bila kuambiwa,
Tibbs alikwisha kuinamisha lenzi: saruji,
maganda ya alizeti, kamba ya kiatu.

Grady alitukana hadi tangazo la mabati likaanza.

Kwenye mashine yangu taulo lilibaki,
sekunde kumi na moja, linatikisika.
Hakuna aliyeliomba.
Kamera ya sita haikuwa na kazi, imeelekea angani.
Nikarekodi mawingu juu yake.