Theluthi Tatu

Mbarika nilinunua kwa Nyevu, kule Muyeye,
anayekaanga mbegu, akatwanga, akachemsha
hadi mafuta yajitenge juu ya maji
kama mgeni asiyekula chungu kimoja na wenyeji.
"Ya nywele au ya tumbo?"
Ya ndege, nikasema.
Akanitazama, akanipunguzia shilingi ishirini.

Mafuta ya taa hayana kisa:
kituo cha petroli, kidumu, foleni ya watu watatu.

Etha ndiyo iliyonitoa jasho.
Zamani ilikuja nyumbani yenyewe
ndani ya shati la baba,
Twalibu Msellemu, mlaza wagonjwa
wa chumba cha kupasulia, hospitali ya Malindi,
enzi za kitambaa puani na "hesabu mpaka kumi".
Hakuna, alisema, aliyewahi kuvuka saba.
Na jioni, dawa ileile iliyolaza watu
aliipeleka uwanjani iamshe injini
isiyozidi ndimu.

Ndege yenyewe mbao nyepesi na karatasi ya kishada,
nyuzi mbili hadi kwenye ngumi yake.
Umewahi kukiona kinu cha ufuta?
Baba ndiye kinu, ndege ndiyo ngamia,
wakizunguka hadi mmoja ashikwe na kizunguzungu,
na mara zote alikuwa baba.
Mashati yale mama aliyafua mara mbili,
kwanza kwa sabuni, kisha kwa maneno.

Vipimo hakuviandika. Alitukaririsha:

    Theluthi ya mbarika, theluthi mafuta taa,
    Etha mwisho kuiweka, chupani haitakaa,
    Sigara ni kuizika, usije zua balaa,
    Kizibo kisiposhika, ndegeyo haitapaa.

Nililijua kabla ya kujua kufunga viatu.
Kwa hiyo arobaini yake ilipopita
nikabeba silinda ya kupimia kutoka maabara ya shule
(funguo ninazo mimi, mwalimu mkuu asiulizwe),
nikapima theluthi, theluthi, theluthi,
sawasawa na kijistari.

Nikapiga rafadha kwa kidole. Nikapiga.
Ikanikata. Nikakaza skrubu, nikalegeza.
Ikakohoa mara moja
kama mtu anayeficha kicheko msibani.
Nikamlaumu Nyevu. Nikailaumu shule.
Nikamlaumu na yeye, huko aliko.

Adhuhuri, nikitafuta bisibisi sandukuni mwake,
nikaikuta chupa yake ya kahawia.
Mikwaruzo mitatu ya msumari kwenye kioo.
Na juu ya ule wa tatu, wa nne,
umepishana nao kwa upana wa punje ya mchele,
na kipande cha plasta, mwandiko wa hospitali:
*ya njiani.*

Nikaishika chupa yangu. Shingo baridi,
baridi ya ajabu kwa mwezi wa pili.
Kizibo kilikuwa kimesinyaa,
na theluthi yangu ya haki, iliyopimwa kwa silinda ya serikali,
ilikuwa inapanda angani bila ndege.

Miaka yote ile alipimia na kile kitakachoondoka,
wala hakukitia kwenye shairi.
Labda mizani ilikataa.
Labda alidhani tutakiona wenyewe,
kama alivyodhani tutaona
kwamba alikuwa akikonda.

Nikaongeza punje moja ya mchele.
Nikaziba kwa nta niliyoilainisha kiganjani, si kwa moto.
Pigo la nne, ikashika,
ikalia kama nyigu aliyetukanwa,
imebanwa kwenye kiti cha jikoni na kiti kinatembea,
mafuta ya Nyevu yakiirukia kanga yangu,
mtoto wa jirani dirishani akipiga kelele
ambazo sikuzisikia.
Nusu dakika, labda zaidi. Kisha tangi likakauka.

Nikaifungua chupa, nikaileta puani, mara moja tu.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Nikaziba.