Pipa la Tabata

Aikaeli aliandika kwa chaki: USIGUSE.
Miezi kumi na mmoja, vuli, masika, umeme kukatika,
na pipa lililokuwa la mvinyo wa Dodoma
likinong'ona nyuma ya jiko.

Hamira hatukununua. Ilijileta
juu ya maganda ya ndizi, bila hodi.

Leo kalizibua.
Funda la kwanza, ukwaju: uso ukajikunja.
La pili lanuka zizi,
ngozi ya mbuzi iliyonyeshewa.
"Ndiyo shamba hilo," akasema, "usiteme."
La tatu, iliki, imechelewa kama mgeni rasmi,
na karafuu ikanigonga jino bovu.

Subira huvuta heri.
Hii imevuta na inzi,
na mama mwenye nyumba:
glasi kaja nayo,
kodi hakuitaja.