Mgeni Ndani ya Daftari

Gavina Sechi alinipigia simu Jumatatu,
theluji bado imeganda kwenye vichochoro vya Nuoro.
"Njoo," akasema, "kuna mgeni ndani ya daftari langu."
Nikavaa koti langu lisilofungika, nikachukua bisibisi,
ingawa nilijua bisibisi haitafaa.

Daftari analolisema ni ile programu nyeupe
inayozaliwa na kompyuta kama kitovu na mtoto.
Hakuna anayeinunua. Hakuna anayeisifu.
Unaifungua, inafunguka. Unaandika, inashika.
Wino mzito? Haina. Picha? Haina.
Na ndani ya haina hiyo
fundi cherehani huyu amehifadhi miaka kumi na tisa:

suruali ya Bachis, zipu, euro nne
koti la marehemu Tzia Peppina, mikono ipunguzwe, atavaa mjukuu
gauni la Mariangela, asilipe, aliniuguza
kiuno cha daktari Murru, kiongezwe tena (tena!)

Sasa juu ya ukurasa kimeota kitufe cha rangirangi,
kinang'aa kama chunusi puani mwa bwana harusi.
Nikuandikie? kinauliza. Nikufupishie? Nikupambie?
Na chini ya "tzia", chini ya "berritta",
chini ya jina lake mwenyewe,
kimetambaa kijistari chekundu cha mawimbi,
kana kwamba yule mwalimu aliyemchapa vidole
mwaka hamsini na tisa, kwa kusema lugha ya mama yake,
amefufuka na kupanga chumba ndani ya mashine.

"Mimi sikumwita," akasema. "Nani kamfungulia mlango?"

Kipya kinyemi, nikaanza kumwambia.
Ingawa kidonda, nikamalizia kimoyomoyo.

Maana mimi pia si mtakatifu wa mambo haya.
Siku programu ile ilipojifunza kurudi nyuma
zaidi ya hatua moja, nilipiga makofi peke yangu dukani.
Ilipojifunza kutunza maandishi umeme ukikatika,
nilimkumbuka Gavina na vile vipimo vya shela
vilivyopotea usiku wa kuamkia harusi,
bibi harusi akapimwa upya, akilia, saa kumi na moja alfajiri.
Kisha yupo Efis, mpwa wake, asiyeona vizuri:
kitu kile kile kilichotia mistari
humsomea kwa sauti, na Jumamosi sasa
anajua nani anadaiwa, na anawacheka.
Nani nimwambie Efis hayo ni makorokoro?

Lakini kijiko ukikiongeza meno kinakuwa uma,
ukiunoa uma ubavuni unakuwa kisu,
na siku ya mchuzi utalamba kiganja.
Nilitaka kumwambia mtu hilo. Sijui nani.
Wanaoongeza hawakai Nuoro,
na pengine kwao hakuna anayepika mchuzi.

Basi nikazima mistari. Nikakificha kitufe.
Sauti nikaiacha.
Tukaijaribu: ikasoma deni la Bachis
kwa lafudhi ya watu wa bara, ng'ambo ya maji,
ikalivunja jina la mtu vipande vitatu,
na Gavina akacheka mpaka akavua miwani.
"Hiyo ibaki," akasema. "Hiyo angalau inanifurahisha."

Sikumficha: sasisho lijalo huenda likakirudisha,
na kingine ubavuni mwake.
Hakujibu. Alikuwa analitazama koti langu.
Akanivua bila kuomba ruhusa,
akatafuta ndani ya kopo la biskuti,
akavuta uzi, akaukata kwa meno.

Halafu akarudi kwenye ukurasa wake mweupe
na kwa kidole kimoja, polepole, akaandika:

koti la fundi wa kompyuta, kifungo kimoja
asilipe, ametoa kitufe