Kijiko cha Chia

Daktari wa Mawenzi aliiandika
chini ya dawa za sukari, kalamu ikimkaukia,
nikadhani ni jina la mtu.

Dukani Ndeshi akataja bei ya robo kilo.
Mkono wangu ukarudi kwenye pochi
kama ulioshika sufuria ya moto.
Akanipimia kijiko kimoja, huku anacheka.

Nusu nikainywa. Nusu nikaifunga
kwenye karatasi ya kalenda, mwezi wa pili,
nikaificha nyuma ya picha ya harusi.
Punje zenyewe ni mayai ya kanga
yaliyotagwa na sisimizi: kijivu, madoa, mng'ao.

Masika yalipoingia Pasua nikazimwaga
nyuma ya jiko, maji ya vyombo yanapoishia.
Sikuzifukia. Nilipitisha kiganja tu,
kama unavyomfuta mtoto vumbi usoni.
Siku ya tano, kijani. Mwezi wa pili, magotini.

Ndipo Eliakunda, mtoto wa mkulima wa kahawa,
akaamka alfajiri ili anifurahishe.
Nilisikia jembe nikadhani ni kwa jirani.
Natoka na chai: peupe,
naye katikati, jasho, tabasamu:
"Magugu yalikuwa yamekuzidi, mama."

Nikampa chai.

Ilibaki miche sita kando ya karo,
alipoogopa kutoboa bomba.
Jioni alikuwa ameshajua. Sikumwambia mimi.
Labda ni ile harufu ya majani viganjani,
iliyogoma kutoka kwa sabuni.
Hakuomba radhi. Alipigilia mambo,
akazungushia chandarua kikuukuu,
kesho yake akakifungua upande mmoja:
"Nyuki nao wanataka mlango."

Wakaja. Maua ya zambarau, madogo,
huku Mlima umejifungia mawinguni wiki tatu.

Agosti tukapukusa mashada kwenye beseni.
Mimi na ungo, yeye anapuliza makapi
kwa mapafu ya tarumbeta ya usharika,
na punje nazo zikaruka.
"Polepole, baba. Leo si Pasaka."

Kikombe kimoja, kasoro kidole.

Kwenye maji kila punje ilivaa koti la ute.
"Mayai ya vyura," akasema, "ya mfereji wa kwetu,"
akakunja uso,
akanywa mpaka chini.

Kijiko cha mbegu kimerudi nyuma ya picha.
Karatasi ni ya mwezi wa nane, na juu yake,
kwa herufi kubwa zilizopinda, mwandiko si wangu:
SI MAGUGU.