Upande wa Pili

Sikuwa na redio. Niliseme hilo mapema,
maana watu hucheka: ulinunuaje kanda
nawe huna cha kuipigia?
Nilinunua kama mtu anunuavyo kitasa
kabla hajajenga.

Fedha zilikuwa za barafu. Barafu za ukwaju,
kumi kumi, zilizogandia kwenye friji ya Mama Chausiku
aliyechukua moja katika kila kumi, kodi ya ubaridi.
Miezi minne ndani ya kopo la maziwa ya unga,
sarafu zikinuka ukwaju na kutu,
hata zikatimu mia nane na hamsini.
Nikaenda kwa miguu, Keko hadi Kariakoo,
nikakatisha Kamata, nikavuka reli pale Gerezani,
mkono mmoja mfukoni njia nzima
kama mtu aliyeumia nyonga.

Duka lilikuwa na upana wa mlango wake.
Mzee Shekilindi hakuuliza nataka nini.
Aliuliza, "Yako, au umetumwa?"
Nikasema yangu. Neno likanikwaruza kooni.
Akahesabu sarafu juu ya kioo, moja moja,
akairudisha moja: "Hii ya Kenya."
Kanda akanipa hivyo hivyo.

Haikuwa ya kiwandani. Alizinakili mwenyewe usiku,
nyumbani kwake, redio mbili zikitazamana mezani,
akaandika kwa kalamu ya bluu NYOTA KUMI JAZI
na chini yake nyimbo nane, herufi zikisukumana.
Ya tisa haikuenea.

Redio ilikuwa ya Makwaya, mpangaji wa chumba cha mbele,
utingo wa lori la Tunduru, mpole akiwa hayupo.
Akisafiri tulipewa ufunguo tumwagilie mchicha wake.
Mgao wa umeme ukituwahi,
tulizianika betri juu ya bati kama dagaa,
nazo zilitupa wimbo mmoja na nusu.

Upande wa pili, wimbo wa tatu:
tarumbeta linapanda, linapanda,
limebakiza pumzi moja kufika,
anaingia mtoto.
"Baba, Zuhura kamwaga uji."
Kisha *shhh* ya mtu mzima,
kijiko sakafuni,
na tarumbeta linaendelea, halina habari.

Siwatu, dada yangu, alicheka mpaka akashika ukuta.
Mimi nilinuna. Mia nane na hamsini,
barafu zote zile, nimenunua uji wa watu!
Jumapili ya pili tulinyamaza, tukamngoja.
Ya tatu tukasema naye.
Hata tukasahau kwamba wimbo uliwahi kuwa bila yeye,
na kwenye arusi moja Temeke, bendi ilipoupiga,
tulipaza sauti palepale, mimi na Siwatu,
*Baba, Zuhura kamwaga uji,*
ukumbi ukageuka, shangazi akatufinya
kwa zamu.

Utepe uliliwa mwaka uliofuata.
Niliuchomoa kama utumbo wa kuku,
nikauzungusha kwa kalamu, nikauunga kwa rangi ya kucha.
Ukapoteza neno moja la ubeti wa kwanza.
Ukaliwa tena. Sikumbuki kanda iliishia wapi.
Pale dukani sasa wanauza makava ya simu.

Juzi Siwatu ameniletea wimbo huo kutoka Songea,
kwenye simu, umesafishwa, kila uzi wa gitaa unahesabika.
Chini ameandika: *Sikiliza dakika ya tatu.*
Nilikuwa jikoni, nakatakata bamia.
Tarumbeta likapanda, likapanda,
likafika.
Likafika tu, hivi, bila mtu.
Kumbe pale juu pana noti nzuri sana,
ndefu, sijawahi kuisikia,
nami badala ya kuisikiliza
nikasema kwa sauti, kisu mkononi, mambo ya uji.

Mwanangu akachungulia.
"Zuhura ni nani?"
Simjui, nikamwambia.
Atakuwa mtu mzima sasa. Huenda ana wajukuu.
Huenda hata si yeye aliyemwaga.