Upande wa Pili

Forodha ya Dubai, mwaka sitini na nane.
Nikapewa kiti cha mbao, chupa ya wino mweusi,
brashi ya viatu, na amri moja:
"Wewe wa Unguja unasoma Kiingereza. Wafunike."

Wa kufunikwa ni wanawake wa majarida,
waliokuja ndani ya makasha ya Wamarekani wa visima,
kati ya sabuni na nyama za kopo.
Nikawavisha. Fundi cherehani asiye na uzi:
huyu sidiria, yule gauni hadi vifundoni,
na mmoja, aliyecheka kama shangazi yangu,
nikamshonea buibui zima na ushungi wake,
nikamtaka radhi.

Karatasi ile laini hunywa wino.
Nikageuza kuona kama umevuja:
mji unawaka. Duka la viatu halina kioo.
Kijana mweusi amekalishwa pembezoni mwa njia,
mikono kichwani, na askari aliyemsimamia
hajui atazame bunduki au kamera.
Doa langu, lenye umbo la nyonga,
limemwangukia miguuni
kama kivuli cha mtu aliyekwisha ondoka.

Nikamwuliza Bwana Marhun, mkubwa wangu:
"Na moto huu, niufunike?"
Akachungulia. "Yuko uchi?"
"Hayuko uchi."
"Basi una nini?"

Nina nini.
Asubuhi moja ya Januari, redio ilibadilika sauti,
nikaukuta mlango wa baba umelala njiani,
misumari yake ya shaba ikitazama mbingu,
na mtoto akiirukaruka kwa mguu mmoja, anahesabu.
Hakuna aliyetupiga picha.

Miaka minne nimejifananisha na kila aliyechomewa mji.
Lakini kijana huyu, kila nikimkazia macho,
si mimi. Ni Feruzi,
aliyetuchotea maji tangu sijaota ndevu,
na sikuwahi kumwuliza analala wapi.

Nikaichana kurasa ile, nikaikunja ndani ya kanzu.
Wizi wangu wa pekee pale forodhani.

Thuwaiba akaikuta chini ya godoro.
Akaliona buibui la wino, na juu yake meno meupe,
na nywele za manjano zilizonishinda.
"Kwa umri huu, Muhenna?"

Geuza, nikamwambia.

Akaiweka juu ya mto wangu kama ilivyo,
akaenda kutazama wali.