Yavuyavu la Kioo

Leo tumeyazoa tena, mimi na Shaji,
kwa koleo, kwa toroli, kwa matusi ya lugha tatu,
mayavuyavu yaliyoziba wavu wa kiwanda cha maji
hapa Sur, tangu alfajiri hadi jua la utosini.
Mji mzima umefungua mifereji unangoja,
na bahari imetuletea uji.

Shaji huyaita kwa Kimalayalamu, jina nisilolishika.
Mudiri huyaita hasara.
Mimi nayaita kwa lugha aliyotunyonyeshea mama:
yavuyavu, neno hilohilo la pafu,
na ukiliwahi kabla halijafika wavuni
kweli linavuta, linashusha,
linavuta, linashusha,
kama mtu aliyelala hana deni.

Nirudipo, mikono inawasha hadi viwikoni,
Zeyana haniulizi nimechokaje.
"Ya leo yalikuwa na nyuzi ngapi?
Ukingo wa zambarau, au wa samli?"
Ana meza yake kwenye chumba cha uani,
mtungi wa gesi, miwani myeusi,
vijiti vya kioo ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Hapo moto humzalia shanga:
kasa wa gamba la asali,
kiti cha pweza chenye mkono mmoja mfupi, kwa kusudi,
na pweza mwenyewe, ambaye hata nimgeuze vipi
bado ananitazama.

Siku moja nilimletea yavuyavu zima
kwenye ndoo ya rangi, nimeifunga mkanda wa gari
kama bibi wa heshima.
Darajani foleni, Juni haina huruma.
Nilipofunua: maji. Maji na ute kidogo.
Zeyana akachungulia, akasema,
"Basi nisimulie."
Mimi, mtu wa pampu na vipimo, nisimulie!
Nikaanza, ni kama mwavuli, ni kama shela,
na kila "kama" akaitupa nje.
"Sitaki kama. Nataka lenyewe."

Tangu hapo husimamisha koleo nikatazama.
Shaji anadhani jua limenipata.

Alilihangaikia mwezi mzima.
Kioo cheupe ndani ya kioo kisicho na rangi,
akakidunga sindano kinywani kabla hakijafumba,
pumzi moja ikabaki ndani, duara, haina pa kwenda.
Akalilaza kwenye tanuri dogo.
"Usifungue. Kioo ni kama mgonjwa,
kisipopoa polepole hakiponi."

Saa nane za usiku nikafungua.
Nilitaka kuona tu.
Mwanga wa chungwa, kisha sauti,
ti!
ndogo, kama jino la mtoto likianguka kwenye sahani.

Asubuhi nilikuta chai haina sukari.
Ndiyo hukumu, sikukata rufaa.

La pili lilitoka salama, likaenda Maskati
kwa bei ambayo mimi nanunua mbuzi.
Lenye ufa alinitungia kwenye tasbihi,
la kumi na saba, katikati ya punje za mti.
"Ushanga hutungwa," alisema, huku akikaza fundo,
"na shairi hutungwa, na jipu nalo hutunga usaha.
Wewe ulikuwa unatunga nini usiku ule?"
Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Leo, wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya ukuta wa bwawa,
kidole gumba kikafika pale
kikakwaruzwa na ufa,
nikapoteza hesabu. Nikaanza upya.
Kikafika tena.

Chini yangu wavu unajaa.
Kuna moja dogo limebaki nyuma ya wenzake,
linavuta, linashusha,
ukingo wake wa zambarau, hapana, si zambarau,
ni rangi ya,

Shaji ananiita, koleo mbili mkononi.
Ngoja, namwambia.
Ngoja kwanza nilione.